Siku Mama Alipoyakataa Maghorofa

Mama yangu alikuwa na mdomo, na mtaa wetu mzima pale Kariakoo ulijua. Kwa hiyo tulipoitwa Mnazi Mmoja kusikiliza mpango wa kubomoa nyumba zetu za vyumba sita na kujenga maghorofa, wazee wenyewe ndio waliomsukuma mbele.

Ilikuwa miaka ile ya kila mtu kuitwa ndugu na sabuni kupatikana kwa foleni. Afisa wa mipango miji alibandika mchoro wa ghorofa nne ubaoni, akaeleza kwamba watu wanaongezeka ilhali ardhi haiongezeki, kisha akauliza nani ana maoni. Mama akajifunga kanga kiunoni.

"Ndugu afisa, huko juu nitatwangia wapi? Kwenye utosi wa jirani?" Watu wakacheka. "Na maiti mtamteremshaje ngazini? Mtamsimamisha?"

Wakapiga makofi. Akamalizia kwa kujisifu kwamba nyumbani kwake, ua mmoja, bomba moja, Wazaramo, Wamakonde na Wachaga wanaishi kama waliotoka tumbo moja, hakuna anayemficha mwenzake kitu. Nilimwonea fahari. Hata leo nikiyakumbuka majiko ya mkaa ya ua ule yakiwaka jioni, kila moja na harufu yake, moyo unaniuma.

Ndipo aliposimama mpangaji wetu wa chumba cha tatu, mwanamke wa Kichaga, mpole, ambaye Mama alimwita mdogo wake.

"Mimi nayataka maghorofa," alisema. "Mama mwenye nyumba ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini nilipofiwa na mwanangu, nilikuwa nalilia chooni. Nikilia chumbani, nyumba nzima inaingia kunibembeleza. Na huko chooni nako mtu anabisha, anataka kuoga."

Hakuna aliyecheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tulikuwa tumelala naye nyumba moja.

Njia nzima Mama alitutangulia kwa hatua ndefu, kanga bado imefungwa kiunoni. Majirani walitufuata kwa mbali, wana hakika mpangaji atatupiwa vyombo nje. Mama alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye kijichumba cha mwisho wa ukumbi, alimoweka mkaa, akaanza kuburuta magunia nje. Akafagia, akaweka kigoda, akagongomea komeo kwa ndani. Kisha akamwita mpangaji wetu.

"Mdogo wangu, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, dada, ungekuja kunibembeleza."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho, akajipaka vumbi la mkaa uso mzima. "Haya, hiki chako. Ukikaa humu, atakayebisha hodi tutaonana."

Mpango wenyewe ulilala kwa kukosa saruji. Ulipokuja kuamka, miaka mingi baadaye, Mama alikuwa hayupo tena wa kuupinga, na leo pale pamesimama jengo refu kuliko lile la mchoro.

Siku chache baada ya mkutano, chakula kilikuwa tayari na Mama haonekani. Nikamtafuta ukumbini nikakuta kijichumba kimefungwa komeo. Nikainua mkono nibishe, lakini mpangaji wetu, aliyekuwa bombani akifua, akanitikisia kichwa.

"Mwache mama yako," alisema kwa sauti ya chini.

Tangu Baba afariki sikuwahi kumwona Mama akilia, nami siku zote nilidhani halii.