Kidude katika Sufuria ya Chai

Juzi nilimwona fundi akichemsha themostati, na harufu ya dizeli ikanirudisha uani kwetu Nyamirambo. Vita ilikuwa inakaribia na mabunda yalishafungwa, lakini jipi letu lilichemka kwenye kila mlima. Baba alichomoa themostati yake, kidude cha shaba kinachofungulia maji yapoze injini, akakitumbukiza katika sufuria ya Mama.

“Baba Zuena, hiyo iko ya chai!”

“Ikifunguka kwa maji moto, iko mzima. Tunaondoka.”

Nilidhani analipikia jipi dawa, nikatia sukari isiwe chungu.

Hakikufunguka. Baba akaleta kingine, cha gari bovu la jirani. Yeye na Mama wakainama kimya juu ya mvuke, nami nikaamini wanaomba dua. Leo sioni kwamba nilikosea.

Kikafunguka. Baba akakimbilia injini. Mama akaifunga sufuria kwenye kanga, ingali ya moto.