Tangi la Fundi Bomba

Fundi bomba hakuwahi kuona kitu kilichofungwa asitamani kukifungua. Udadisi huo ulimponza miaka minne nyuma, aliposikia watu wakimsengenya ndani ya mabomba, akabomoa ukuta wa mteja kuwatafuta. Hospitalini wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili, wakampa vidonge. Vilimtuliza, ila kila asubuhi dada yake mkubwa alimsimamia kama askari: "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi."

Siku moja dada alipekua sanduku la vifaa. Ndani ya viungio vya bomba akakuta vidonge kumi na tisa, vimezibwa kwa tepu kifundi kabisa.

"Nilitaka kujua kama wale wa kwenye mabomba bado wapo," fundi akajitetea.

"Na wapo?"

"Wameanza kukohoa."

Dada akakaa chini, akalia. Alikuwa amepata kazi mji mwingine, aripoti baada ya miezi mitatu. Angemwachaje mtu huyu?

Wakarudi hospitalini. Nesi akawaeleza habari za sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi.

"Sista," fundi akakunja uso, "dawa ya mwezi mzima siku moja, si itanizamisha?"

"Haimwagiki yote kwa mpigo. Inakaa kwenye msuli, inatoka kidogo kidogo."

"Nani anashika koki?"

Nesi akacheka. "Imetengenezwa iyeyuke taratibu. Ukisugua palipochomwa unaivuruga, kwa hiyo mikono mbali!"

"Kumbe vidonge ni ndoo, hii ni tangi."

"Na tangi lisipojazwa?"

Fundi akafikiri. "Maji yanaendelea kutoka siku kadhaa. Mwenye nyumba anajisifu kwamba hana shida. Halafu yanakata."

"Basi kazi yangu imeisha," nesi akasema, akaandaa sindano.

Mara mbili za kwanza dada alimsindikiza. Dawa ilimkakamaza mikono, spana ikawa nzito. Daktari akapunguza dozi. Sauti nazo zikafifia. Fundi akawa anatega sikio kwenye mabomba ya wateja kwa udadisi tu, akasikia maji.

"Ya tatu nenda mwenyewe," dada alimwambia. "Usipokwenda, mimi siondoki."

Alikwenda. Akakunja mkono wa shati, akauliza unene wa sindano, akauliza kwa nini leo bega la kushoto, akauliza mpaka nesi akamtishia kumpa koti jeupe la udaktari. Alipotoka na kadi yake imeandikwa tarehe ya sindano ijayo, akapiga simu.

"Dada, tangi limejaa."

"Inua ulimi," dada akasema kwa mazoea, wote wakaangua kicheko.

Fundi akatega sikio. Upande wa pili akasikia zipu ya begi ikifungwa.