Mama wa Kiungo Mkabaji

Huguette alisuka watu katikati ya jiji la Durban kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna kichwa kilichotoka kwenye kiti chake bila kulishwa habari za Prodige. Ukienda kusuka twende kilioni, utapewa Prodige. Ukienda kufumua tu, utapewa Prodige. Una haraka? Shauri yako. Vidole vyake havikuanza kazi mpaka mdomo utangulie.

"Mtoto yangu iko professionnel kule Norvège," alianza hivyo, akivuta nywele mpaka machozi yanamlengalenga mteja. "Numero kumi. Anafunga mpaka wanamuomba apumzike."

Uongo mtupu! Mtoto alikuwepo, Norwe ilikuwepo na mpira ulikuwepo, lakini hayo mengine Huguette alijipikia mwenyewe. Prodige aliondoka Durban na baba yake akiwa na miaka minane, pale wakimbizi wachache walipopata nafasi ya kuhamia Ulaya. Jina la mama lilibaki kwenye faili. "Mwezi ujao, mama," aliambiwa kila alipokwenda ofisini, na mwezi huo haujafika hadi leo. Baba akaoa huko huko. Mtoto akaingia timu ya watoto ya mji mmoja mdogo wa wavuvi, akapanda ngazi moja moja, na alipotimiza miaka kumi na minane akatia sahihi mkataba wa kweli. Daraja la pili, jezi namba sita, kiungo mkabaji. Mpaka juzi alikuwa na mechi mia mbili na kumi na nne na magoli matatu, na moja kati ya hayo mpira ulimgonga tu mgongoni ukaingia.

Kwa asiyejua, kiungo mkabaji kazi yake ni kusimama pale ambapo balaa lingepita. Akifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Sasa nenda kamsimulie mteja saa nne nzima kwamba hakuna kilichotokea! Huguette alijaribu mwaka wa kwanza, akaona watu wanapiga miayo, basi akamsogeza mwanawe mbele kidogo. Mwaka wa pili akamsogeza tena. Kufika mwaka wa nane, Prodige alikuwa anapiga penalti zote za Norwe.

Kuna mwaka mashabiki walimchagua mchezaji bora wa klabu, na zawadi ikawa katoni la samaki wa chumvi, yale makayabu tunayopika na nyanya. Kijana akampigia mama kwa video, meno yote nje, amelikumbatia katoni lake. "Mama, angalia! Mimi! Wamenichagua mimi!" Huguette akampongeza, akakata simu, akageuka na kuwatangazia wateja kwamba mtoto amepewa gari.

Ukutani alibandika picha moja tu, wachezaji wamerundikana baada ya goli. Prodige alikuwa chini kabisa ya rundo. Picha za kukaba na kujiburuza kwenye tope alizifungia kwenye simu, hakuna mtu aliyeziona.

"Mguu ule wa chini, ndio mwanangu," alisema.

"Mguu gani, mama? Pale iko miguu kumi na saba," alijibu Marie-Claire.

Marie-Claire ndiye aliyekuwa kidonda chake. Alijifunza kusuka kwenye saluni hiyo hiyo, kisha akahamia mtaa wa Point akafungua yake, akaondoka na nusu ya wateja. Kila walipokutana kanisani aliuliza kwa upole wa kuudhi, "Na ule mguu, hajambo?" Huguette alikuwa anataka jambo moja tu hapa duniani: siku moja asimame mbele ya mwanamke huyu, amwonyeshe mtoto kwa kidole, na amwone akinyamaza.

Desemba hii Prodige akaja. Miaka kumi na tisa! Lilishuka lijitu la ndevu, refu, Kiswahili chake kimebaki cha miaka minane. "Mama, mimi nataka uji," alisema asubuhi ya kwanza, na Huguette akaangua kilio akiwa na mwiko mkononi. Huko kulia hakukuwa na uongo wowote.

Bahati mbaya Jumapili ya wiki ile ile ndiyo ilikuwa fainali ya Kombe la Ndugu, mashindano yetu ya kila Desemba, Umbilo, mtaa wetu, dhidi ya Point ya kina Marie-Claire, na Huguette akamtaka mwanawe acheze.

"Mkataba unakataa, mama," Prodige alisema. "Wakijua nimecheza huku, watanifukuza."

"Nani atajua? Utavaa jina la Glody."

Kombe la Ndugu lina desturi yake. Mchezaji anaweza kukosekana, kadi yake haikosekani kamwe. Glody, namba sita wa Umbilo, alikuwa kazini siku hiyo, lakini kadi yake ilifika uwanjani mapema kuliko watu wote, mfukoni mwa kocha Gustave, fundi wa simu ambaye ndiye pekee aliyeambiwa siri.

"Goli moja tu, mwanangu," Huguette alibembeleza. "Ukifunga, nasimama, namwambia Marie-Claire huyu ni wangu. Basi, unatoka."

Prodige akakubali. Si kwa ajili ya goli, magoli hayakuwa kazi yake. Alikubali kwa sababu mechi zote mia mbili na kumi na nne mama yake hakuwa jukwaani hata mara moja, na alitaka amwone akifanya kazi.

Refa akaitazama kadi, akaitazama sura. "Hapa huna ndevu."

"Zimeota," akasema Gustave.

"Sharp," akasema refa, akarudisha kadi.

Huguette alikwenda kuketi ubavuni kwa Marie-Claire makusudi, kitenge kipya, kilemba juu, tayari kwa kusimama. Mpira ukaanza. Prodige akapokea, akampa wa karibu. Akapokea, akampa wa karibu. Akawapanga wenzake kwa kile Kiswahili chake, "Wewe kuja hapa! Wewe baki!" na uwanja mzima ukacheka. Anicet, mshambuliaji wa Point ambaye miguu yake haijui kutulia, hakugusa mpira wa maana kipindi kizima.

"Anicet leo ana nini?" watu waliulizana. "Hajala?"

Hakuna aliyemwona anayemla. Prodige alinyang'anya mpira, akatoa pasi ya mita tano, watu wengine wawili wakaupitisha, na Gosbert, Mtanzania wetu, akafunga. Gosbert akavua jezi, akakimbia uwanja mzima, akabebwa. Aliyenyang'anya mpira alikuwa tayari amerudi mahali pake, anafunga kamba ya kiatu.

Kipindi cha pili mashabiki wa Umbilo wakaanza kelele. "Namba sita anaogopa! Kila saa anarudisha nyuma! Kocha, toa huyo!" Watu wale wale ambao timu yao inaongoza, jamani! Gustave naye, mtu mzima, anayejua kabisa kamuweka nani uwanjani, akatishwa na kelele. Akamtoa.

"Eish, ndugu," alimnong'oneza, "hata chenga moja?"

Prodige akaja akaketi kwenye nyasi, miguuni kwa mama yake, akaanza kufungua viatu.

Marie-Claire akainama. "Huguette, huyu mwenye viatu vizuri ni wa kwako? Ni nani?"

Huguette akatazama juu. Nyuma yake watu walikuwa bado wanamzomea namba sita. Akamtazama kijana, jasho, nyasi mgongoni, magoli sufuri. Ulimi ukamtangulia.

"Mtoto wa dada yangu mkubwa," alisema. "Anatoka Joburg. Wa kwangu klabu imemkatalia ruhusa."

Mkono wa Prodige ukasimama juu ya kamba. Halafu ukaendelea kufungua.

Point walifunga manne katika dakika ishirini, yote kupitia palepale alipokuwa amesimama Prodige. Anicet akawa mzima ghafla. Umbilo wakalaumu jua, wakalaumu refa, mmoja akasema ameona kitu kimezikwa golini. Hakuna hata mmoja aliyemtaja namba sita.

Isipokuwa Anicet. Kombe likiwa bado linazungushwa, alikuja moja kwa moja mpaka pale kwenye nyasi, akampa Prodige mikono yote miwili.

"Ndugu, mimi nimecheza mpaka ligi kuu kule nyumbani, sijawahi kukabwa vile. Ukweli wa Mungu. Wewe unachezea wapi?"

Watu wakageuka. Marie-Claire akanyamaza, kinywa wazi, jinsi Huguette alivyokuwa akimuota miaka yote hiyo. Huguette akaruka juu, kilemba kikimwanguka, kidole kimenyooka. "Huyu ni—"

"Sichezi popote," Prodige alisema taratibu, akiokota viatu vyake. "Nilikuja kumsindikiza huyu." Akamshika mkono asianguke. "Twende nyumbani, mama mdogo."