Vioo vya Awadh Vilivyomkosesha Mwidani Usingizi

Roho ya kwa nini haina dawa wala mganga. Ukiumwa jino utang'olewa, ukiumwa tumbo utakunywa mwarobaini, lakini ukiumwa na nyumba ya jirani utalala nayo, utaamka nayo, na kula utakula nayo sahani moja. Mwidani wa Ishaka, muuza boriti na makuti wa Timbwani, alianza kuumwa mwaka wa themanini na tisa, siku mkokoteni uliposhuka kutoka feri umebeba vioo vilivyofungwa kwa magodoro, ukampita yeye bila hata salamu, ukaenda kusimama ng'ambo ya barabara, kwa Awadh.

Kabla ya siku hiyo alikuwa mzima wa afya, tena mtu mwenye jina lake. Alizaliwa Bofu kwenye minazi ya baba yake. Chuoni alihitimu msahafu mbele ya wenzake, na shuleni aliishia darasa la nne, si kwa ujinga, bali kwa kuwa mwalimu wa hesabu alikuwa na mkono mwepesi na Mwidani alikuwa na miguu mepesi zaidi. Boriti alizijua kwa kuzibeba begani, kisha kwa kuzichagua, kisha kwa kuziuza. Likoni nzima haikuezeka banda bila kumuona. Asiyemjua Mwidani miaka ile alikuwa mgeni, tena mgeni asiyeuliza njia.

Lakini kilichompa jina zaidi si boriti, ni baraza lake. Lilikuwa mbele ya nyumba, limeelekea barabara, na upenu wa makuti ulishuka chini hata mtu mrefu akainama kama anasujudu. Upande wa kusini hapakuwa na ukuta kabisa. Baada ya alasiri, wazee waliomiminika kutoka msikitini walimiminikia hapo: dhumna, kahawa chungu, kashata, na maneno. Mpira ulihukumiwa hapo, siasa ilihukumiwa hapo, mke aliyerudi kwao alihukumiwa hapo, na hakimu alikuwa mmoja, mwenye baraza.

Sasa Awadh. Huyu ni wa ukoo wa wenye maduka ya nguo, watu wa tangu na tangu, na alisoma chuo kimoja na Mwidani, nyuma yake kwa juzuu mbili. Mwidani alikuwa hachoki kumkumbusha zile juzuu, hata mbele ya watoto wa Awadh. Basi mtu wa juzuu mbili nyuma akaenda Arabuni, akakaa, akarudi na kitambi na fikra. Akatoa uso wa nyumba yake, akajenga mbele chumba kizima cha kupumzikia, na uso wa chumba ule, kutoka sakafuni hadi darini, ukawa kioo. Asubuhi jua likichomoza, kile kioo kiliwaka kama sinia la harusi. Watu wa Nyali ndio waliokuwa na mambo hayo, wao na mahoteli yao. Timbwani ilikuwa haijaona.

Ilipokwisha, Awadh akaita dua ya nyumba. Desturi iko wazi: jirani akiita dua, unakwenda, unaitikia amina, unakula pilau, na unatembezwa chumba kwa chumba huku ukisema mashaallah. Mwidani alijilaza mchana kweupe, akajifunika blanketi mwezi wa Februari.

"Una nini?" akauliza mkewe, Mwanasaumu.

"Homa."

"Homa gani yaanza mwadhini akimaliza kuadhini?"

"Mwambie Awadh naumwa. Nenda wewe."

Mwanasaumu akaenda kwa wanawake, akarudi magharibi akinukia udi. Alipotandika mkeka tu, akaanza, "Wallahi Mwidani, kile chumba ukiingia ndani utashangaa, kumbe kule nyuma—"

"Sitaki kusikia habari za nyumba za watu!"

"Haya," akasema Mwanasaumu, akameza maneno yake na maji.

Yaliyofuata yalikuwa machungu kuliko homa. Wiki ile ile wazee walianza kupungua barazani. Leo hayuko mmoja, kesho hawako watatu. Mwisho akabaki Fondo peke yake, mzee mcheshi aliyekuwa mpigaji wake wa dhumna miaka nenda miaka rudi. Naye siku moja akasimama, akakung'uta kikoi chake.

"Wenda wapi, Fondo?"

"Navuka mara moja tu. Nakwenda kuona wanafanya nini."

Alivuka mara moja kweli, maana hakurudi. Mwidani akabaki na birika la kahawa na vikombe vya watu kumi. Ng'ambo akasikia vibao vya dhumna vikigongwa mezani, pah! na kicheko cha Fondo, kile kicheko alichokuwa amekizoea kama sauti ya mlango wake mwenyewe. Na kwa ile kiu ya wivu akaapa: Awadh ana kioo upande mmoja? Yeye atatia pande zote, na juu vilevile.

Mavuno ya nazi za Bofu yakaingia, akamwita Gershom. Gershom alikuwa mchoraji ramani kutoka Taita, mwenye kibanda karibu na feri, mwenye maneno mengi na penseli sikioni, na alijigamba kuwa hakuna hoteli Nyali asiyoichorea japo choo. Alikuja asubuhi, akafunga kitambaa kwenye ufito, akausimika uani, akakaa kukitazama kikipepea. Adhuhuri yuko, alasiri yuko, anahama na kivuli. Mwidani akaona anapotezewa wakati.

"Sasa wewe wachora ama wachunga?"

"Nauliza nyumba kwanza, mzee," akasema Gershom. "Nyumba yako inatazama machweo. Ya jirani inatazama macheo. Yeye jua linampiga asubuhi watu wakiwa kazini, na jioni yuko kivulini. Wewe jua litakupiga usoni saa ile ile wazee wako wanatoka msikitini. Ukiweka kioo hapa mbele, utaoka watu. Mimi nakushauri huu upenu uuache, hata uurefushe. Weka ukuta wa kiunoni, juu yake vibao vya mbao vya kulaza, upepo upite na jua lisipite. Na hapa kusini usiguse. Hapa ndipo nyumba inapopumulia."

Maneno ya Gershom yalikuwa ya kweli, na Mwidani, muuza makuti mtoto wa mkulima, aliyajua kabla hayajasemwa. Lakini mwenye kijicho humsikia mtu mmoja tu, naye ni yule anayemwonea.

"Awadh ana vibao vya kulaza?"

"Sijaingia kwake, mzee."

"Mimi namuona kila siku kutoka hapa. Ni kioo. Mbele kioo. Basi mimi nipe kioo mbele, kioo kusini, kioo kaskazini, na juu unikatie dirisha la kioo la kutazamia mbingu."

"Mbingu?"

"Ndiyo. Yeye hana mbingu."

Gershom akakuna kichwa kwa penseli. "Mzee, hiyo itakuwa sufuria na kifuniko chake."

"We chora. Sufuria n'yangu."

Gershom akachora, maana mchoraji naye ana tumbo. Upenu wa makuti ukabomolewa, boriti zake nzuri zikaegeshwa nyuma ya choo. Vioo vikavushwa feri, safari hii kwa mikokoteni miwili, na Mwidani akawaamuru wasukumaji wapite taratibu mbele ya Awadh, warudi, wapite tena.

Tatizo la kwanza lilitoka jikoni. Mwanasaumu alizoea kutoka jikoni kwenda kisimani akiwa na leso moja kifuani, na sasa kila aliyepita barabarani alimuona kupitia vioo kama samaki wa hotelini. Alitwaa leso zake, akazitundika kwenye kioo cha mbele kutoka pembe hadi pembe. Mwidani aliporudi kutoka dukani alikuta watu wamesimama barabarani wanasoma. Leso ya katikati, iliyoelekea kwa Awadh kabisa, iliandikwa HASIDI HANA SABABU.

"Mwanasaumu! Umeniua!"

"Abee."

"Huyaoni maandishi?"

"Nimetwaa iliyokuwa juu ya kamba. Wataka nikasimame uchi mbele ya barabara ya serikali?"

Leso ikageuzwa nyuma mbele. Dua ikaitwa siku ya Ijumaa, mwezi wa pili tena, na safari hii watu wote wakaja, maana wa Timbwani hawakosi pilau wala fitina. Awadh naye akaja, kanzu nyeupe, hana homa.

Waliingia wakisema mashaallah. Wakaketi. Jua la alasiri likashuka, likaja kusimama wima mbele ya kioo kama mgeni aliyealikwa, na mwali wake mwingine ukaingia kwa juu kupitia mbingu ya Mwidani. Upepo ulikuwapo nje. Minazi ilionekana ikicheza. Ndani haukusogea hata uzi wa kofia. Mwalimu wa chuo alianza dua kwa mwendo wake wa siku zote, akafuta uso, akaongeza mwendo, na mwishoni alikuwa akisoma kama anayekimbizwa. Halwa ikalegea sahanini. Pilau lilipoletwa moto, mvuke ulipanda ukakosa pa kutokea, ukarudi kwa wenyewe.

"Mwidani, ndugu yangu," Fondo akauliza, kanzu imemganda mgongoni, "umetualika kula pilau ama kuwa nyama yake?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwidani naye akacheka, kicheko cha meno, moyo ukimchuruzika. Mmoja akakumbuka ana mgonjwa. Mwingine akakumbuka ana mbuzi. Fondo hakuona haja ya kukumbuka chochote, akatoka tu. Akabaki Awadh, ambaye alikula tonge lake la mwisho polepole, akanawa, akapangusa shingo kwa leso ya mfukoni.

"Chumba chako chema, sahibu. Kina nuru." Akasimama mlangoni. "Nasi tupo pale. Kahawa haijawahi kukatika." Akavuka barabara akijipepea kwa mkono, na hakuharakisha.

Mwidani alishinda humo siku zote zilizofuata, mlango wazi, peke yake, akitoka jasho kwa inda. Alijiambia kwamba Awadh naye anaoka watu, ila wageni wake wanajikaza kwa kuwa ametoka Arabuni. Hilo lilimfariji mpaka aliposikia, jioni moja, Fondo akipiga kelele ng'ambo: "Jamani, nipeni shuka, huu upepo utanipa mafua!"

Mafua! Februari! Mwidani alivaa kofia, akavuka barabara kwa mara ya kwanza tangu vioo vije.

Alipotokea mlangoni, wazee walilaza vibao vya dhumna mezani. Fondo akasogea, akampisha mahali. Awadh akainuka mwenyewe, mtu mwenye wajukuu, akammiminia kahawa kwa mikono miwili. Mwidani hakuitazama. Alikuwa anatafuta kioo cha pili, na hakukiona. Kulikuwa na kile kimoja cha mbele basi, kinachotazama barabara. Upande wa kaskazini, kule nyuma ya kioo, hapakuwa na kitu, nguzo tupu, na upepo wa kaskazi uliingia humo kama mwana wa nyumba. Juu, dari lilikuwa la makuti. Upenu wa nyuma ulishuka hata mtu mrefu akainama.

"Hii..." akasema Mwidani. "Hii nani alikuchorea?"

Awadh akakaa kitako. Alitazama kikombe chake, kisha akacheka kidogo, kama aliyeshikwa na kitu mfukoni. "Wewe. Miaka yote nakaa barazani kwako naona raha inakwenda kwako, kwangu hawaji hata kuniuliza hali. Nikapima upenu wako kwa macho. Kioo nilikitia ili wapita njia wajue nimetoka Arabuni. Hakina kazi nyingine."

Wazee wakatazama vibao vyao vya dhumna. Mwidani akaketi. Mwaka mzima alikuwa amelionea kijicho baraza lake mwenyewe, na amelibomoa kwa mkono wake ili afanane nalo. Kahawa ilikuwa nzuri. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Nyumbani alimkuta Mwanasaumu anapepeta mchele. "Ulijua kule nyuma ni wazi?"

"Si nilikuja kukwambia? Ukasema hutaki habari za nyumba za watu."

Gershom akarudi na penseli yake, na safari hii Mwidani alimwacha atazame kitambaa chake mpaka kikachakaa. Mbingu ikazibwa kwa makuti. Boriti zikatolewa nyuma ya choo, upenu ukarudi, mrefu kuliko wa kwanza. Kioo cha kusini kiling'olewa chote, cha kaskazini kikapisha ukuta. Cha mbele kikakatwa nusu, kikaachwa juu kwenye kivuli cha upenu kwa ajili ya nuru, na chini ukapanda ukuta wa kiunoni na vibao vya kulaza, ambavyo kwavyo mtu wa ndani huona nje na wa nje haoni leso ya mtu. Mwanasaumu ndiye aliyesimama barabarani kuvipima, akiinama na kuinuka, mpaka akaridhika.

Mwezi wa tano kusi, upepo wa kutoka kusini, likaanza kuvuma, na kwa Awadh, ambako ukuta wa kusini ni wa mawe mazima, hewa ikasimama. Wazee hawakuaga. Fondo alitangulia na kisanduku cha dhumna kwapani, wengine wakamfuata, na Awadh mwenyewe akaja wa mwisho, akaketi akielekea kusini, kanzu yake ikijaa upepo, kimya mno kwa mtu anayeshinda mchezo. Ikawa hivyo: kusi kwa Mwidani, kaskazi kwa Awadh. Mwidani alikwenda ng'ambo zamu ilipofika, lakini alikuwa wa kwanza kunusa mabadiliko ya upepo, na mara nyingine alinusa mapema mno.

Asubuhi moja, kusi likiwa limepamba moto, alichungulia kati ya vibao akamuona Awadh nje ya ukuta wake wa kusini. Pamoja naye alikuwako Gershom, ufito na kitambaa mkononi, akionyesha mawe ya kutolewa. Mwidani akapanda kigoda aone vizuri, akapachika pua kwenye mwanya wa juu, akamwita mkewe kwa mnong'ono wa furaha.

"Mwanasaumu! Hebu njoo upesi! Njoo umuone mtu anayeumwa na kijicho!"

Mwanasaumu akaja akifuta mikono. Akamtazama mumewe pale juu ya kigoda, visigino vimeinuka, kofia imepinda, jicho moja limefumbwa.

"Nimemuona," akasema, akarudi jikoni.