Kahawa Kavu ya Mama Deo

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka uleule tuliopata Uhuru, Meneja wa chama chetu cha ushirika kule Muleba alinijaza kiganja kahawa ya maganda, ile inayokaushwa na ganda lake. Akasema, "Itikise karibu na sikio. Ikilia, ni kavu, pokea. Ikinyamaza, ni mbichi, rudisha." Basi, hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata ya ukaguzi. Ninyi vijana mna mashine za kupima unyevu. Sisi tulikuwa na sikio na dhamiri, na yangu iliniangusha.

Nilianza kazi pamoja na Deo, jirani yangu, kibanja chao, shamba la nyumbani, kimepakana na chetu. Ilipofika miaka ya vijiji vya ujamaa, Deo akachaguliwa kwenda Maruku, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa na migomba. Mimi nikabaki mlangoni pa ghala na vumbi langu. Alikuwa akirudi na viatu vinavyong'aa, watu wanamwita Bwana Shamba, kanisani wanampisha benchi la mbele. Roho iliniuma, jamani! Mdomo ulisali Baba Yetu, moyo ukawa unauliza kwa nini yeye.

Msimu mmoja mama yake, mjane, alileta magunia mawili, mavuno yake yote. Nikachota, nikatikisa. Ililia vizuri kabisa. Nikamtazama yule mama, nikamwona Deo usoni mwake.

"Mbichi hii," nikasema. "Rudisha ukaanike."

"Haya, waitu," akajibu kwa heshima ya Kihaya, akageuka.

Alipoianika upya, mvua ilinyesha juma zima. Kahawa yote ikaota ukungu.

Tangu hapo sikuthubutu kupokea Komunyo. Nilikaa hivyo hadi Kwaresima, ndipo nikaenda kuungama. Padri hakunikaripia. "Mungu amekusamehe," alisema. "Lakini Mama Deo bado hajakusikia. Nenda."

Nilimkuta amelala, kifua kinambana. Kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni, akanisogezea kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna. Sikuigusa. Nikamweleza yote huku nikilia.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Niliitikisa mwenyewe kabla sijaja. Ililia."

"Sasa mbona hukusema, Mama?"

"Ningemwambia nani? Mkaguzi si ulikuwa wewe?" Akakisukuma tena kikapu. "Tafuna, yaishe."

Nikatafuna. Hakumaliza mwezi, tukamzika kibanjani. Deo naye nilimweleza kabla hajarudi Maruku. Alisema amenisamehe, ila salamu zake hazikuwa tena zile za zamani. Simlaumu.

Kijicho hakikuondoka kwa siku moja. Kila asubuhi kabla ya kufungua ghala nilisali: Bwana, hiki ulichonipa kinanitosha. Miaka ya kwanza nilikuwa nasema tu. Baadaye nikagundua kwamba ni kweli. Wenzangu walipanda vyeo nikawapongeza kwa moyo, mimi nikastaafu mkaguzi, mlango uleule. Huzuni ya nilichomtendea Mama Deo haijanitoka, wala siombi initoke.

Ila baada ya siku ile sikumrudisha mtu kwa neno langu peke yangu. Nilitikisa mimi kwanza, kisha nikamwekea mwenye kahawa kiganjani mwake, nikamwambia, "Na wewe sikiliza."