Kula Mbele ya Mama Mkwe

Nilimpiga mke wangu kwa sababu ya chai. Sitaki kupamba. Chai ilikuwa imepoa, nami nilikuwa nimetoka kuvunja mawe kule Lukenya tangu alfajiri, msimamizi alikuwa amenitukana mbele ya watu, na mkono wangu huu ni mwepesi tangu utotoni. Kofi, halafu ngumi. Yeye hakulia. Alifunga nguo zake kwa leso, akambeba mtoto mgongoni, akarudi kwao Katelembo.

Nilituma wazee mara mbili. Wakarudi na jibu lile lile: nije mwenyewe, na nije na mbuzi. Mkamba aliyewakosea wakwe zake hutangulia na mbuzi, maneno yanafuata nyuma. Mbuzi sikuwa naye. Basi niliposikia kwamba pale Kyumbi kuna bucha inafunguliwa siku ya soko, na kwamba atakayemaliza karai lake la nyama na muthokoi kabla ya wenzake atapewa beberu mzima, nilisema huyo ni wangu. Kula najua. Nikimrudisha mke wangu kwa tumbo, watu wacheke wanavyotaka.

Tulikuwa sita kwenye meza moja ndefu, juani, saa sita mchana. Kila mtu karai lake. Nyama ilikuwa ya mbuzi mzee, imechemshwa haraka, mishipa yote bado inavutana. Chini yake muthokoi, yale mahindi yetu yaliyotwangwa yakatoka maganda, yamepikwa na maharagwe mpaka yakawa mazito. Hakuna maji mpaka umalize. Hakuna kusimama. Ukitema, umetoka.

Kushoto kwangu aliketi mpakiaji wa mchanga wa mtoni, jamaa mwenye shingo nene kuliko paja langu. Alinitazama akacheka. "Leo nitamaliza yako na yangu," akasema.

"Maliza yako kwanza, wewe ng'ombe," nikamjibu.

Filimbi ikalia na vita vikaanza. Sijui niiteje kama si vita. Hakuna aliyetafuna kama binadamu. Tulirarua. Jamaa akanipiga kiwiko cha mbavu, nikamkanyaga vidole kwa buti la machimboni mpaka akaguna na mdomo umejaa. Kijana wa mwisho wa meza aliuma kidole chake mwenyewe, damu ikadondoka ndani ya karai, naye akaendelea kula. Mwingine alitapika magotini pake. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Ua! Ua! Maliza!" na watu wanapiga mabati kwa fimbo. Mimi nilikuwa na furaha, wallahi. Nilikuwa nimebakisha vipande vitatu, na beberu amefungwa kwenye nguzo mbele yangu, mweupe, mnene.

Ndipo nikainua macho nikamwona mama mkwe wangu.

Alikuwa amekuja kuuza ndengu. Amesimama mbele kabisa, gunia miguuni, ananitazama. Asiyekuwa Mkamba hawezi kujua nilivyohisi. Kwetu kuna nthoni, heshima iliyochanganyika na aibu, baina ya mwanamume na mama aliyemzaa mkewe. Humshiki mkono. Mkikutana njiani, mmoja anapinda kando. Na kula mbele yake, ng'o! Miaka sita nilikuwa sijatafuna hata njugu mbele ya mama huyo. Sasa ananiona na mafuta mpaka masikioni, na mshipa wa nyama unaning'inia mdomoni kama mbwa.

Kutema siwezi, beberu ameenda. Kutafuna siwezi, mama anaona. Nikafanya ujinga ambao Mkamba peke yake anaweza kuufanya: nikafunga mdomo na kumeza yote mara moja, niweke uso wa heshima.

Ikakwama.

Hewa haikuingia wala kutoka. Nikapiga meza kwa viganja vyote viwili. Watu wakashangilia, wakidhani nina mbwembwe. Nikajipiga kifua. Wakashangilia zaidi. Jamaa wa mchanga hata hakugeuka. Nikaanguka magoti, macho yakaanza kuona weusi pembeni, na nikaogopa kama mtoto. Niliwaza mke wangu ataambiwa nimekufa kwa ulafi, na hilo ndilo litakuwa neno la mwisho juu yangu.

Meza ikapinduka. Mkono ukanishika kola, ukanigeuza kifudifudi, na pigo likanishukia katikati ya mabega. Lile la kwanza nilidhani ni nyundo. Mama yule ametwanga muthokoi kwenye kinu maisha yake yote. Nikasikia wanawake wakipiga yowe, "Wuui! Anamshika mkwe wake!" Akapiga tena. Akapiga tena. La tano, kipande kikaruka kikaangukia vumbini na damu juu yake. Nikavuta pumzi kwa sauti ya punda.

"Asante, mwaitu," nikasema. Asante, mama.

Akanizaba kofi nikaona nyota.

"Hizo za kwanza zilikuwa za nyama," akasema. "Hizi ni za mtoto wangu."

Ngumi ikafuata, mdomo ukapasuka. Nitasema ukweli, kwa sababu bado unanila: mkono wangu uliinuka wenyewe kumrudishia. Aliuona. Hakurudi nyuma hata hatua moja, alisogeza uso wake karibu na wangu.

"Nipige," akasema polepole. "Si umezoea? Nipige hapa, watu waone."

Mkono ukashuka. Akaendelea kunipiga, mashavu, masikio, kichwa, nami nimepiga magoti, mpaka mzee mmoja akapaza sauti, "Asiyefunzwa na mamaye!" na umati ukaitikia, "Hufunzwa na mama mkwe!" Wakacheka. Yeye hakucheka. Alipochoka alifuta mikono kwa leso, akarudi kwenye gunia lake, akaanza kumpimia mteja ndengu.

Jamaa wa mchanga alishinda; karai lake lilikuwa tupu kabla meza haijapinduka. Alipita na beberu begani, akasimama, akaniangalia uso. "Pole, ndugu yangu," akasema, na sidhani alikuwa ananicheka.

Jumapili nilienda Katelembo bila mbuzi. Jicho moja lilikuwa bado halifunguki. Baba mkwe alinikuta langoni, akanitazama, akamwita binti yake bila kuuliza mbuzi yuko wapi. Mke wangu alitoka na mtoto mkononi. Alinikaribia, akashika kidevu changu, akaugeuza uso wangu huku na huku kwenye mwanga. Mtoto aliangalia mdomo wangu uliovimba, akamwambia, "Mama, baba ako na uso kama wako wa ile siku."

Mke wangu aliachilia kidevu changu, akarudi ndani, akafunga mlango.