Kanzu ya Ngalula

Nakumbuka Jumamosi moja, kabla mvua hazijaanza, mzee wa kanisa alisimamisha baiskeli yake mlangoni kwetu, hapa hapa Katuba, akaniomba kanzu isiyokuwa yangu. Mwanangu, jana ulifungua sanduku langu bila ruhusa, ukaikuta kanzu nyeupe, ukaniuliza kama unaweza kubatizwa nayo Jumapili ijayo. Nilikufokea. Unisamehe ukali wangu, lakini jibu halibadiliki. Keti nikueleze. Siri ya mtungi iulize kata, na kata iliyobaki ni mimi peke yangu.

Ilikuwa miaka ile Katanga ilipojitenga na Kongo, tukapewa bendera yetu na maneno mengi ya kujivunia. Mji wetu huu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na rafiki yangu alikuwa Ngalula, binti wa Bakasai, watu wenye asili ya Kasai, waliokaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Mama yake, Mama Ntumba, alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ililia barazani kuanzia asubuhi. Mimi na Ngalula tulisoma mafundisho ya ubatizo pamoja mwaka mzima. Nilikuwa mzito wa kukariri, kichwa changu unakijua, na mchungaji akigeuka ni Ngalula aliyeninong'oneza majibu.

Kila mbatizwa alitakiwa kuja mtoni na kanzu nyeupe. Yangu ilikatwa kwenye shuka kuukuu la baba, limegeuka manjano, lina kiraka begani. Ya Ngalula ilishonwa na mama yake kwa kitambaa kizuri, ina marinda madogo kifuani na vifungo sita vinavyong'aa. Niliisifu mbele ya watu, na moyoni niliionea wivu mpaka nikaona haya.

Kisha tukaanza kuambiwa kwamba Bakasai ni adui. Vijana walipita na fimbo wakiuliza nani anakaa nyumba gani, na watu tuliokula nao sahani moja tukaanza kuwasalimia kwa kichwa tu. Siku ile familia ya Ngalula ilipokimbilia kambi nje ya mji, kule walikolindwa na askari wa kigeni wenye kofia za bluu, Mama Ntumba alijitwika cherehani kichwani. Ngalula akaja kwetu na kanzu yake ndani ya kifurushi cha gazeti.

"Mwape, unichungie hii robe," akaniambia. "Kule ku kambi hakuna kintu yenye itabakia mweupe. Siku ya batizo utanitumia."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hilo nililisema kweli kabisa, mwanangu. Wakati ule nilikuwa bado mtu mzuri.

Lakini nikaijaribu. Siku ya pili nikaijaribu tena. Ilinikaa kana kwamba nilipimwa mimi. Basi alipokuja Baba Kyungu, yule mzee wa kanisa, akasema mchungaji atawabatiza walioko kambini Jumapili hiyo hiyo ya ubatizo wetu, jioni, kwenye shimo lililotandikwa turubai, na kwamba anakusanya nguo zao, nikamwambia vijana waliovunja nyumba ya Mama Ntumba waliingia na kwetu, wakaichukua kanzu ya Ngalula. Akaguna, akapanda baiskeli yake, akaenda. Watu wengine wangekuambia waliogopa kuonekana wanawasaidia Bakasai. Mimi sikuogopa. Niliitamani tu.

Mama aliponiuliza nimeitoa wapi, nikasema Ngalula amenipa. Uongo wa pili huja bila kuitwa.

Mtoni asubuhi ile Baba Kyungu hakuwepo, alikuwa ametangulia kambini, na mchungaji aliniuliza mbele ya kanisa zima kama nimeziacha dhambi zangu zote. Nikajibu nimeziacha, nami nimeivaa mojawapo. Akanizamisha. Maji yalikuwa ya baridi, watu waliimba juu ya makao ya mbinguni, mama yangu akalia kwa furaha. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na yangu haikuwa hata ya kuazima. Nilitoka majini nimelowa, sikutoka safi.

Wiki tano zikapita, mvua zikaanza, na mimi nikashindwa kuomba. Kila nikifumba macho naona vile vifungo sita. Mwishowe nikaifua kanzu, nikaipiga pasi ya makaa, nikaikunja chini ya kikapu na juu yake nikajaza sombe, majani ya muhogo, nikatembea kwa miguu mpaka kambini. Nilikuwa nimepanga kuungama yote. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno.

Nilimkuta Mama Ntumba ameketi mbele ya kibanda cha maboksi na magunia, matope mpaka mlangoni. Alikuwa amenyoa kichwa. Nikajua kabla hajafungua mdomo, maana Ngalula hakutoka nje kuniona.

Akanieleza taratibu, bila kulia. Jumapili ile walimpa Ngalula kanzu ya mwenzake aliyekwisha kubatizwa, bado inachuruzika maji, akakataa. Cherehani ilikuwepo, kitambaa hakikuwepo, naye alitaka kungoja kipatikane. Mvua zikaja na ugonjwa wa kuhara damu, ukamchukua kwa siku nne.

"Alisema ataingia mu maji na robe yenye miye nilimushonea," Mama Ntumba akasema. "Alisema, 'Nitangoya, mama. Yesu naye anaweza kungoya kidogo.' Tulimuzika mu gunia ya bunga. Kama haingeibiwa, ile robe, tungemuzika nayo."

Na kanzu ilikuwa pale, hatua moja kutoka kwenye goti lake. Nilimtolea sombe kwa mikono, fungu kwa fungu, ili asije akaona chini ya kikapu. Akanishika mkono akanibariki, akasema katika mtaa wote ni mimi tu ambaye sikuwasahau. Nikarudi nyumbani na kikapu changu. Wizi ule wa kwanza ulikuwa wa kitoto; huu wa pili niliufanya nikiwa na akili zangu zote.

Ilinichukua miezi kumwambia Baba Kyungu. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinipakia nyuma ya baiskeli saa ile ile, kanzu mapajani mwangu, tukaenda kambini. Upande wa Mama Ntumba ulikuwa mtupu. Watu walikuwa wamekwisha kupandishwa treni kurudishwa Kasai, nchi ambayo Ngalula hakuwahi kuiona. Nikamuuliza Baba Kyungu kama nimemfungia rafiki yangu mlango wa mbinguni.

"Ngalula hana na shida," akasema. "Mungu haangaliake robe. Mwenye kuwa na shida ni weye. Damu ya Yesu inasafisha muntu, lakini haichukuake kintu ya muntu na kukuachia."

Nimetuma barua Kasai kwa wachungaji wanne tofauti, nikimtafuta Mama Ntumba. Hakuna aliyenijibu aliyemjua. Maji yakimwagika hayazoleki. Watu wa rika langu wanapoimba juu ya mbingu nyuso zao zinang'aa, wanatamani kuwaona waume zao na watoto wao. Mimi nanyamaza katikati ya wimbo. Ninaamini nimesamehewa, kwa sababu imeandikwa, lakini sijawahi kuionja amani hiyo hata siku moja, na mahali pekee ninapoweza kumpata Ngalula nimrudishie chake ni huko huko ninakoogopa kufika.

Kwa hiyo nikifa msinivishe kanzu ile. Ikunjeni mniwekee mikononi.

Nawe, mwanangu, ingia majini na nguo yako, hata ikiwa ya shuka. Na kama unacho cha mtu, au umemwambia mtu uongo, usianzie mtoni. Anzia mlangoni kwake, leo, kabla ya chakula. Ngalula alisema kweli, Yesu anaweza kungoja. Binadamu ndiye asiyeweza.

Mungu akupe miguu myepesi ya kurudisha na mdomo usiokauka mbele ya uliyemkosea. Akuoshe mpaka ndani, mahali mimi sikufika. Na siku utakapoitwa juu, uende mikono mitupu, mwanangu, bila kifurushi.